Mbwembwe, utulivu au kiitikio: usimame vipi jukwaani?

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa kanisa tunaoazima kwa mazoezi huku Eastlands, binti mmoja alimaliza kuimba, akauzungusha waya wa maikrofoni mkononi mara tatu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa hapo mimi niruke au nisimame?" Alikuwa amepewa dakika ishirini katika shoo yake ya kwanza ya kulipwa. Sauti anayo, nyimbo anazo. Kilichomnyima usingizi ni mwili wake: mikono aiweke wapi, acheze kiasi gani, aongee na watu au anyamaze.

Nimeulizwa swali hilo na waimbaji, washairi, wachekeshaji, hata kijana anayefanya mazingaombwe kwenye sherehe za watoto. Sijawahi kulijibu kwa neno moja, kwa sababu nimeona njia tatu tofauti zikifanya kazi hapa Nairobi, na kila moja nimeiona ikimwangusha mtu iliyemkaa vibaya.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: mbwembwe, manjonjo, madoido, mikogo. Karibu yote yamebeba lawama ndani yake. Ukisema msanii fulani ana mbwembwe, msikilizaji hajui kama umemsifu au umemsengenya. Wahenga nao hawakusaidia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Debe tupu haliachi kuvuma. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Nayaheshimu maneno hayo, lakini kizuri hujiuza kwa mtu anayekiona. Aliyeketi safu ya mwisho, nyuma ya nguzo, chai yake inapoa na simu inamwita, hakioni mpaka umwonyeshe. Kwa hiyo mimi hulitumia neno mbwembwe kwa maana pana: kila afanyalo mtumbuizaji ili macho na masikio ya watu yaende pale anapotaka yaende. Kuruka ni njia moja. Kutulia tuli ni nyingine. Kuwaachia watu kiitikio ni ya tatu.

Vipimo nitakavyotumia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo matano. Pumzi: inadai nini kwa mwili na sauti? Mfuko: inakula fedha na siku ngapi za mazoezi? Ukumbi: inafaa mkahawani, kwenye hema la harusi, au kwenye uwanja wa maelfu? Hitilafu: umeme ukipotea au ukisahau mstari, utajiokoa vipi? La tano ni kile ambacho mtu anaondoka nacho kwenda nyumbani. Hili la mwisho nalipa uzito kuliko mengine, na nakwambia mapema ili ujue naegemea wapi.

Mbwembwe za mwili mzima

Hapa ndipo penye mavazi ya kumeta, wanenguaji, kuingia kwa kishindo. Mfano ninaoanza nao darasani ni wa James Brown wa Marekani. Katika wimbo wake mmoja alikuwa akipiga magoti mbele ya maikrofoni kama mtu aliyeishiwa nguvu kabisa. Msaidizi anakuja, anamfunika joho mabegani, anamwinua, anamwongoza polepole kuelekea nje. Watu wanaingiwa na huruma. Ghafla anatikisa mabega, joho linadondoka, anarudi kwenye maikrofoni na kuanza upya. Halafu anaanguka tena. Kamera zilimnasa akifanya hivyo California mwaka 1964, na ukiitazama picha hiyo leo, hata kama unajua fika kitakachofuata, moyo bado unashtuka. Angalia kazi ya lile joho. Linamfanya mtazamaji ajiulize: ataweza kuendelea huyu? Na wakati watu wanajiuliza, bendi inapiga, naye anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Nyumbani tunao wanasarakasi. Sarakasi Trust ilianzishwa mwaka 2001, na ukumbi wake wa Ngara zamani ulikuwa jumba la sinema la Shan. Bomas of Kenya, iliyoanza mwaka 1971, imewazoesha watazamaji wake kuona ngoma za jadi na sarakasi alasiri moja. Siku utakapowatazama vijana hawa, usiutazame mruko. Tazama kabla ya mruko. Mwanasarakasi anakimbia kuelekea kwenye duara la moto, hatua mbili kabla ya kufika anasita, anarudi nyuma akitikisa kichwa. Anapangusa viganja kwenye suruali. Anamwinulia mpiga ngoma kidole: bado. Ngoma inashuka. Mtoto wa safu ya mbele anamshika mamake mkono. Hapo ndipo anaruka, na mruko wenyewe hauchukui hata sekunde mbili. Hakuwa ameogopa. Alitupa sisi nafasi ya kuogopa kwa niaba yake.

Sasa vipimo. Kwa pumzi, njia hii ni ghali kuliko zote. Ukicheza beti nzima kwa nguvu, mstari unaofuata utakatika katikati na maikrofoni haimfichi mtu. Vijana wangu huruka kamba dakika mbili kisha waanze beti papo hapo. Anayehema apunguze kucheza au apunguze maneno kwenye sehemu hiyo. Mfuko nao unaumia: maleba, malipo ya wanenguaji, nauli zao za usiku, chakula chao, na wiki kadhaa za mazoezi ya pamoja. Mnenguaji ambaye hajalipwa huonekana usoni.

Ukumbi wake ni ule mkubwa, ambapo mtu wa nyuma hawezi kuuona uso wako lakini anaweza kuuona mkono ulioinuliwa. Katika mkahawa mdogo, ambapo meza ya kwanza iko mita mbili kutoka kwako, nguvu hiyo hiyo huwalemea watu. Wataegemea nyuma kwenye viti.

Kuhusu hitilafu, nitakueleza langu. Usiku mmoja nilivaa joho refu nililoshonewa kwa shoo hiyo tu. Katika wimbo wa pili nilikanyaga pindo. Sikuanguka, lakini kuanzia hapo hadi mwisho watu walilitazama pindo, wakingoja nilikanyage tena, na wimbo niliouandika kwa miezi mitatu ukapita bila mtu kuusikia. Tangu siku hiyo hakuna vazi linalopanda nami jukwaani kabla sijafanya nalo mazoezi mazima, mwanzo hadi mwisho. Na kama unachezea muziki uliorekodiwa, jua kwamba ukikatika, hatua zako zote zimebaki hewani.

Mtu anaondoka na picha, au na hatua za miguu. Mwaka 2014 bendi ya Sauti Sol ilipotoa mtindo wa kucheza uitwao lipala, wimbo ulisafiri kwa miguu ya watu hadi kwenye harusi ambazo bendi yenyewe haikualikwa. Hiyo ni zawadi kubwa. Njia hii inamfaa mwenye mwili uliozoezwa, mwenye kikosi, na mwenye nyimbo za kasi. Haimfai anayetaka maneno yake yasikike neno kwa neno.

Utulivu

Mpiga nyatiti, ala ya jadi ya Waluo, huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa mbele yake, nyuzi nane. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, anayogongea ukingo wa ala. Mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Mtu mmoja, ameketi, haendi popote, na bado unasikia nyuzi, mdundo kama wa ngoma na njuga kwa pamoja, na juu yake sauti ya kuimba. Ukibahatika kukaa karibu, baada ya dakika tatu utagundua kwamba macho yako yote yamehamia kwenye kile kidole cha mguu. Hicho ndicho ninachokiita utulivu: sehemu kubwa ya mwili ikitulia, ile ndogo inayosogea inajaza ukumbi mzima.

Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliwahi kupigia nyatiti wapita njia jijini London, watu wenye haraka zao, kabla albamu yake haijatolewa na kampuni ya muziki ya Real World mwaka 1993. Umm Kulthum wa Misri alisimama na leso mkononi, akaimba wimbo mmoja kwa saa nzima, mstari mmoja akiurudia kila mara kwa namna nyingine kadiri wasikilizaji walivyomsihi. Taarabu ya jadi ya pwani yetu nayo ina adabu hiyo: mwimbaji hutulia, na wanaoinuka ni watu, wakienda kumtuza. Hata bingwa wa kuruka anaujua utulivu. Januari 1993, katika mapumziko ya fainali ya kandanda ya Kimarekani huko California, Michael Jackson alitokea jukwaani akasimama kama sanamu kwa zaidi ya dakika moja, uwanja mzima ukipiga mayowe, kabla hata hajageuza kichwa.

Mwili unapumzika katika njia hii, lakini sauti inabaki uchi. Kila noti iliyopinda inasikika. Wengi hudhani ni njia rahisi kwa sababu haina jasho, na nasikitika kila nikiona kijana amedanganyika hivyo. Utulivu na woga vinafanana kwa mbali tu. Mwenye woga hufunga mikono kifuani, hutazama sakafu, magoti yamekaza. Aliyetulia magoti yake yamelegea kidogo, pumzi iko chini tumboni, na akimtazama mtu humtazama hadi mwisho wa mstari ndipo ahamishe macho. Hili hujifunzwa. Mimi huwasimamisha vijana mbele ya wenzao dakika moja nzima bila kuimba wala kusema. Dakika hiyo ni ndefu ajabu. Wengine hucheka, mmoja alilia, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kutazamwa bila kuomba radhi.

Kwa mfuko, nguo ni nafuu, ila usibane fedha kwa fundi wa mitambo. Anayeimba kwa upole anategemea spika kuliko anayepaza sauti. Ukumbi wake ni ule ambao watu wameketi na wamekuja kusikiliza: bustani ya Alliance Française, ukumbi wa Kenya National Theatre uliofunguliwa mwaka 1952, ibada, mazishi, usomaji wa mashairi. Baani wakati mechi ya ligi ya Uingereza inaonyeshwa, hakuna atakayekusikia, wala si kosa lao. Hitilafu huisumbua kidogo kuliko njia ya kwanza. Ukisahau mstari, nyamaza, vuta pumzi, anza unaofuata. Wengi watadhani ulikusudia. Na mtu anaondoka na maneno. Nimekutana na watu ambao baada ya miaka wanakumbuka ubeti mmoja na hawakumbuki alikuwa amevaa nini aliyeuimba.

Kiitikio: kuwapa watu sehemu ya kazi

Nairobi ina shule nzuri ya njia hii, nayo ni mugithi. Neno hilo kwa Kikuyu ni gari moshi. Mtu mmoja na gitaa lake, usiku umekwenda, na watu wanashikana mabega wakifanya behewa refu linalozunguka katikati ya meza. Aliyekuja peke yake ana mtu mbele na mtu nyuma. Mpiga gitaa hahitaji kuondoka kwenye kiti.

Kwenye shoo za benga na ohangla, miziki ya Waluo, kuna pakruok: msikilizaji anauingilia muziki, anajisifu na kuwasifu rafiki zake kwa majina ya kujigamba, anatoa pesa, muziki unaendelea. Pesa ni sehemu tu ya jambo. Kwa nusu dakika hiyo shoo imekuwa yake. Wakongo nao, waliopiga na kurekodi sana hapa Nairobi, walitujulisha kwa atalaku, yule mpiga makelele anayewachochea wachezaji wakati magitaa yanapopamba moto. Zaiko Langa Langa ndio walioanza kumweka ndani ya bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na katika maigizo tunacho kituo cha jamii cha Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, ambako mazoezi yalifanywa peupe na wanakijiji wakawa wanawasahihisha waigizaji. Watu walioshiriki kiasi hicho walikuja kutazama kitu chao. Serikali ililiona hilo, ikakizima.

Siku niliyoiamini njia hii ilikuwa harusini. Hema kubwa, watu kama mia tatu, na katikati ya ubeti umeme ukapotea. Spika zikafa, kinanda kikafa, taa zikazimika, ukabaki mwanga wa simu. Nilishuka jukwaani nikasimama kati ya meza, nikaanza kupiga makofi, mawili na moja, mawili na moja. Shangazi mmoja wa bwana harusi akapokea kwa kijiko kwenye sahani. Nikaimba mstari, wakaitikia. Tulikwenda hivyo karibu robo saa hadi jenereta ilipowaka. Muziki uliporudi, watu waligeuka kulitazama jukwaa kana kwamba ndilo lililoingilia shughuli yao.

Hapo umeshaona kwamba kwa hitilafu njia hii haina mpinzani. Pumzi yake ni ya wastani, kwa kuwa wanaoitikia wanakupumzisha. Mfuko hauumii sana. Kinachohitajika ni sikio: kujua kiitikio kiwe kifupi kiasi gani. Maneno manne au matano, sauti isiyopanda sana, na ukiimbe mwenyewe mara mbili kabla ya kuwaomba wakushike mkono. Ukumbi wake ni wowote ambao watu wanaweza kuonana: harusi, baa, shule, mkutano wa mtaa. Kwenye uwanja wa maelfu inafaa pia, ila itikio huchelewa kufika kutoka nyuma, kwa hiyo mapigo yawe ya polepole. Mtu anaondoka na sauti yake mwenyewe, imekauka kidogo, na hadithi ya "tulivyoimba".

Udhaifu wake lazima nao usemwe. Kuna watu waliokuja wamechoka na hawataki kuinuliwa mikono. "Nairobi, mko sawa?" ikiulizwa mara ya tano inakuwa ombi la kusaidiwa. Na kumvuta mtu jukwaani bila ridhaa yake, ili acheze mbele ya wenzake au achekwe nguo zake, ni kosa ambalo ukumbi hausahau. Wachekeshaji hasa nawaomba: yule wa safu ya mbele amelipa kiingilio kama wengine. Muulize kwa macho kwanza. Akitazama chini, mwache.

Inamfaa anayependa watu kwa kweli na anayeweza kukaa mahali ambapo hajui kitakachofuata.

Sasa wewe, kwa hali yako

Kama ni tamasha la wazi na wewe ni msanii wa tatu kati ya kumi, watu bado wanatafuta pa kukaa, anza na mwili. Wanahitaji sababu ya kugeuka. Weka jambo moja la kuonekana kutoka mbali ndani ya nusu dakika ya kwanza, na si matano.

Kama ni mkahawa au bustani, watu wameketi, mitambo ni mizuri, na maneno yako ndiyo mali yako, chagua utulivu na usihofu ukimya kati ya nyimbo. Hesabu hadi nne kabla ya kuanza unaofuata.

Harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), sherehe ya kuhitimu: kiitikio. Watu hawa wanajuana tayari. Kazi yako ni kuwakumbusha. Mzee akiinuka kucheza, rudia ubeti hadi aketi.

Mazishi na ibada ya kumbukumbu yanataka utulivu, na kama kuna kiitikio, kiwe wimbo ambao wafiwa wanaujua tayari.

Mashindano ya muziki au maigizo ya shule ni jambo la pekee, maana kuna waamuzi wenye karatasi za alama. Kwaya iliyojaa mikono na mizunguko huku sauti zikiyumba hupoteza pale ambapo kwaya iliyoimba sawasawa na ishara chache inapata. Tengenezeni sauti kwanza, mikono baadaye.

Kama unafanya mazingaombwe au sarakasi, soma tena habari ya yule aliyesita mbele ya duara la moto. Njia ya kwanza ni yako, lakini jifunze kusimama kimya, kwa sababu kiinimacho kizuri kinatendeka watu wanapotazama kule ulikotulia.

Kama huna fedha kabisa na shoo ni wiki ijayo, usishone kitu. Andika kiitikio.

Na kama sauti yako imechoka siku hiyo, mafua yamekushika, wape watu kazi zaidi na ujipe kidogo. Si aibu. Ndiyo maana viitikio vilikuwepo tangu zamani, kwenye kupalilia na kutwanga.

Yule binti shoo yake ni kwenye mkahawa wa watu kama sitini, meza ziko karibu, hakuna jukwaa la kuinuka, gitaa moja na kinanda kimoja. Tulikaa tukazigawa zile dakika ishirini, nyimbo nne. Wa kwanza ataanza na watu bado wanaongea, kwa hiyo ni ule wenye kiitikio cha maneno manne. Wa pili na wa tatu atasimama mahali pamoja, maikrofoni ikiwa kwenye stendi yake ili mikono ipate uhuru, na ule waya asiuguse. Wa nne ndio wa kucheza, beti la mwisho tu, hatua alizozijua tangu utotoni kwao Kakamega. Viatu virefu nimemwomba aviache nyumbani. Jumamosi hii anakuja na kamba.